Maji Kwanza, Moto Baadaye

Nguo ikitoka kwa dobi imenyooka vizuri, sifa zote huenda kwenye pasi. Watu husema pasi ya fulani kali, au mkaa wake mzuri, au mkono wake mzito. Maji hayatajwi. Lakini hebu kaa nusu saa karibu na meza ya dobi anayeijua kazi yake, katika vichochoro vya Kariakoo kati ya Mtaa wa Msimbazi na Mnazi Mmoja. Utaona pasi inaingia mwishoni, kazi ikiwa imeshakwenda zaidi ya nusu. Kilichoitangulia ni unyevu: maji machache yaliyopimwa kwa jicho na kiganja, yakaachwa yatulie ndani ya uzi kabla moto haujafika.

Meza za namna hiyo zimebanwa siku hizi. Nyumba za Kiswahili zenye baraza zinabomolewa moja baada ya nyingine, maghorofa yanapanda, na madobi wamehamia chini ya ngazi, ubavuni mwa maduka ya vitambaa, au kwenye uchochoro ambao mwenye jengo hajaukumbuka. Kazi hata hivyo haijapungua. Mtaa wa Uhuru bado umejaa kanga na vitenge kwa jumla na rejareja. Kitambaa kinachonunuliwa hapo hukatwa na kushonwa mtaa wa pili, na mtaa wa tatu kuna mtu wa kukinyoosha. Wapo pia makarani, walimu, wahudumu wa hoteli na maustadhi wanaotaka nguo ya kesho iwe tayari leo jioni.

Vifaa havizidi vitano. Ubao mrefu uliovikwa blanketi kuukuu lililokunjwa mara mbili, juu yake shuka jeupe lililobanwa pembe zote. Beseni la maji. Chupa ya maji ya kunywa ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa sindano ya moto. Kapu. Na pasi ya mkaa: sanduku zito la chuma lenye mpini wa mbao, matundu pembeni ya kuvutia hewa, na komeo la mbele ambalo mara nyingi huchongwa umbo la jogoo. Pasi ya umeme ilipewa hataza Marekani mwaka 1882, mikononi mwa Henry Seely wa New York, na mahotelini ndiyo itumikayo. Ya mkaa imebaki vichochoroni kwa sababu zinazoeleweka. Haidai LUKU, haikatizwi na mgao, na uzito wake humpunguzia dobi kazi ya kukandamiza.

Dobi niliyemtazama ni mtu mzima, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hulitandaza shati mezani, hutumbukiza ncha za vidole kwenye beseni, kisha huukung'uta mkono mara moja ndani ya beseni lenyewe. Tone zito hubaki huko. Ndipo mkono unapopita juu ya nguo, umeinuliwa kiasi cha dhiraa moja, ili matone yatawanyike kabla ya kutua. Anaanzia kwenye kola, kwa kuwa pale pana tabaka mbili za kitambaa na nyingine ngumu katikati. Penye vifungo vya mikono vilevile. Mabega hupata wastani. Kifua hupata kidogo, na sehemu iliyo wazi ya mgongo kidogo zaidi. Chupa yenye matundu huitumia kwa shuka na mapazia tu, maana matone yake ni makubwa. Wazee wa kazi walikuwa wakijaza maji mdomoni na kuyapuliza, na manyunyu yao yalikuwa membamba kushinda ya chupa yoyote. Wateja wa sasa hawataki hata kusikia habari hiyo, na huwezi kuwalaumu.

Baada ya kunyunyizia, mtu asiyejua angeshika pasi. Yeye hulikunja shati pande mbili kuelekea katikati, huliviringisha kama mkeka, hulikandamiza kwa viganja na kulitia kapuni chini ya kitambaa kibichi. Halafu hushika lingine. Kapu likiwa na nguo nane au tisa, ile ya kwanza ndiyo inatolewa. Siku hiyo alikuja binti mmoja mbio.

"Shikamoo mzee. Ile kadeti ya kaka tayari?"

"Marahaba mwanangu. Bado, inakunywa."

"Si uipige tu hivyohivyo babu, nina haraka."

"Nikiipiga sasa utairudisha kesho. Nenda kanunue ulichotumwa sokoni, ukirudi utaikuta."

Akaenda, ananung'unika. Mzee hakuinua macho.

Kule kunywa ndiyo roho ya kazi. Pamba ni selulosi, kitu kilekile kinachojenga mbao na karatasi. Selulosi ni minyororo mirefu ya molekuli iliyolala sambamba na kushikamana kwa vifungo vya haidrojeni. Kifungo kimoja ni dhaifu, lakini viko vingi mno, ndiyo sababu mkunjo uliokwisha kukauka hauondoki kwa kuuvuta. Maji yakiingia hujipenyeza katikati ya minyororo, huchukua nafasi ya vifungo vile, na uzi hulegea. Pasi ikipita hapo hufanya mambo mawili kwa mpigo. Huilaza minyororo upya na kuyafukuza maji, na vifungo vinajifunga tena pale minyororo ilipolazwa. Nguo imepewa umbo, nalo litadumu hadi maji mengine yaje.

Lakini tone likitua juu ya kitambaa linakuwa mahali pamoja: katikati pamelowa, sentimita mbili pembeni pamekauka. Ukipiga pasi papo hapo, palipolowa patabaki pabichi na palipokauka patagoma. Kwenye kitambaa cha rangi huenda ukaona hata duara la tone. Kuviringisha kunaligusisha tabaka na tabaka, na maji husafiri yenyewe kwa kufuata uzi, kutoka penye mengi kwenda pasipo nayo. Baada ya robo saa au zaidi shati lote lina hali moja. Ukilishika halikuloweshi mkono, ila ni baridi kidogo na limelainika. Hicho ndicho kipimo. Likikulowesha mkono, maji yamezidi, na pasi itahangaika kuyachemsha badala ya kunyoosha. Likiwa na joto la kawaida na kelele ya ukavu, halijanywa.

Ndiyo maana nguo nzuri kuliko zote kupiga pasi ni ile inayoanuliwa ikiwa bado mbichi kidogo. Kina mama wengi wanalijua hilo bila kufundishwa na yeyote: huipitia kamba saa tisa alasiri, wakaanua mashati kwanza na kuacha taulo. Shida ya dobi ni kwamba nguo nyingi humfikia zikiwa kavu kabisa, zimekaa kwenye mfuko wa nailoni tangu juzi, na inambidi kuurudisha ule ubichi ulioachwa kupotea.

Kanuni hiyohiyo hufanya kazi kinyume, na Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuiona. Jasho ni maji, mwili una joto, kiti cha basi kinakandamiza. Ukishuka Gerezani kutoka kwenye mwendokasi, mgongo wa shati na nyuma ya magoti vimeshapigwa pasi upya, kwa mikunjo usiyoiagiza. Aliyevaa tetroni hushuka amenyooka vilevile, kwa kuwa nyuzi za poliesta hazinywi. Katika hewa ya kawaida ya maabara pamba hubeba unyevu wa takribani asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata nusu asilimia.

Hapo ndipo dobi anapotengana na mtu mwenye pasi tu. Kila kitambaa kina kiu yake. Kitani hunywa sana na hutaka kupigwa kingali kibichi hasa. Kikikauka, mikunjo yake humshinda hata mwenye pasi nzito. Pamba nyepesi ya poplini hutosheka na manyunyu. Kadeti nzito hunyunyiziwa pande zote mbili. Tetroni hupitiwa na kitambaa chenye unyevu juu yake, kwa sababu ukiimwagia maji yatakaa juu tu. Kinachoilainisha ni joto dogo, na joto kubwa huiyeyusha. Sufu ya suti ndiyo yenye maajabu: inaweza kubeba maji mengi ndani yake bila mtu kuihisi kuwa imelowa. Hii haisuguliwi kamwe. Dobi huweka kitambaa kibichi cha pamba juu yake, hushusha pasi, huhesabu kimoyomoyo, huinua, husogeza, hushusha. Mvuke unashuka kwenye sufu, chuma hakiigusi. Suti nyeusi inayong'aa matakoni na kwenye viwiko aghalabu imepigwa pasi kavu moja kwa moja, nyuzi zake zikalazwa bapa mpaka zikaakisi mwanga.

Pasi ya mkaa haina kitasa cha kupunguza joto, kwa hiyo joto nalo hupimwa kwa maji. Mzee hudondosha tone moja kwenye kitako cha pasi iliyogeuzwa. Tone likitandaa na kutokota taratibu, pasi bado. Likilia na kutoweka mara moja, inafaa kwa nguo nyingi. Likijikusanya kuwa kidonge na kukimbia huku na huku bila kukauka upesi, moto umepita kiasi, na pasi huwekwa pembeni mlango wake ukiwa wazi. Kidonge hicho kinachokimbia alikieleza daktari Mjerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, mwaka 1756: chuma kikiwa na moto mwingi, upande wa chini wa tone hugeuka mvuke ghafla, na tone huelea juu ya mvuke wake lenyewe. Pasi ya umeme iliyowekwa kwa ajili ya pamba hufika karibu nyuzi 200 za Selsiasi, na ile ya poliesta hutakiwa isizidi 150 hivi. Mzee hana kipimajoto. Ana tone, na tone humwambia yaliyomo kati ya namba hizo mbili.

Kuna faida nyingine ya maji ambayo wachomaji wa nguo huitambua wakiwa wamechelewa. Maji hayapandi kupita nyuzi 100 kabla hayajaisha kuwa mvuke, nayo humeza joto jingi sana yakigeuka. Basi kitambaa kikiwa bado na unyevu, hakiwezi kuunguzwa upesi hata kama chuma kina nyuzi 200. Moto wote unatumika kuchemsha. Hatari huanza dakika maji yanapokwisha. Dobi anaisikia dakika hiyo. Mlio wa chini wa mvuke hunyamaza, harufu ya nguo hubadilika kutoka ya ubichi kuwa ya ukavu, na mkono wake unakuwa umeshaondoka. Anayenyoosha nguo kavu hana kengele hiyo. Huongeza moto kwa sababu mikunjo inagoma, hurudia palepale, na kitu cha kwanza kumpa taarifa ni alama ya hudhurungi yenye umbo la pasi.

Ukitazama shati linavyokwenda, mpangilio wote unafuata unyevu. Kola huja kwanza, upande wa ndani, kutoka ncha kuelekea katikati, ili kitambaa kinachosukumwa kisijikunje kwenye ncha ambako kila mtu atakuona. Mabega hufuata, halafu mikono kuanzia penye vifungo. Vyote hivyo ni vidogo au vina tabaka, vikipoa haviharibiki tena wakati mwili wa shati unageuzwageuzwa. Kifua na mgongo hubaki mwishoni, vikiwa vimefunikwa na mkunjo wa shati lenyewe ili visikauke kabla ya zamu yao. Pasi ikifika penye vifungo hupita kwa ncha, katikati ya kimoja na kingine. Kabla ya kila nguo nyeupe, kitako hufutwa kwa kitambaa chenye nta ya mshumaa. Walio karibu na migomba hutumia jani lake. Jivu likidondoka, mzee halifuti kwa kidole, maana kidole chenye unyevu hulizika ndani ya uzi. Hulipuliza.

Kanzu ni mtihani wa peke yake, na Alhamisi jioni kapu hujaa kanzu. Ni kitambaa kirefu, cheupe au cha maziwa, na kosa lolote huonekana kutoka upande wa pili wa barabara. Tarizi ya shingoni hupigwa kwa ndani, juu ya taulo, ili nyuzi zake zizame kwenye taulo na zisibanwe zikawa bapa. Wanaopenda kanzu isimame hutaka wanga. Wanga wa muhogo hukorogwa kwanza kwa maji baridi, kisha humiminiwa maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka mpaka uji ung'ae, ukazimuliwa na kuchujwa. Hapa kipimo cha ubichi hakina msamaha. Nguo yenye wanga ikikauka kabisa huwa gome, na pasi inaitoa unga mweupe. Ikiwa mbichi mno wanga hunata kwenye chuma na kuungua. Kofia za viua hutiwa wanga pia, zikavalishwa kitu cha mviringo cha kimo chake na kuachwa zikauke zikiwa zimeshika umbo.

Majira nayo yana sauti katika kipimo. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya Dar es Salaam imejaa maji na nguo hazikauki. Dobi hupunguza kunyunyizia na hungoja muda mrefu zaidi nguo ining'inie baada ya pasi. Ikikunjwa ikiwa na joto na mvuke ndani, hupata mikunjo mipya, na kwa hewa ile haichelewi kunuka ukungu. Kusi likivuma katikati ya mwaka, nguo zilizonyunyiziwa hukauka kapuni kabla ya zamu yake, na kile kitambaa kibichi cha juu huloweshwa tena na tena. Hata maji yenyewe huchaguliwa. Visima vingi vya mjini vina chumvi, na maji ya chumvi yakikaushwa na pasi huacha doa jeupe kwenye nguo ya rangi nzito. Kwa hiyo beseni hujazwa maji ya bomba, hata siku ambayo dumu lake linanunuliwa.

Ukiyajua haya, utawaona jamaa wa kazi hii mitaani. Mikeka inayouzwa sokoni imesukwa kwa ukindu, ambao nao ni selulosi. Msusi huulowesha kabla ya kuanza, kwa kuwa ukindu mkavu hukatika ukikunjwa, na uliolowa kupita kiasi husinyaa baadaye na kuacha ukili wenye nafasi. Juu ya maghorofa mapya mafundi ujenzi wamefunika zege kwa magunia na wanalimwagilia asubuhi na jioni, kwa siku 7 au zaidi. Hao wanafanya kazi iliyo karibu na ya dobi lakini mwisho wake ni tofauti. Saruji huyala maji moja kwa moja na kugeuka jiwe, kwa hiyo zege lililokaushwa na jua mapema hubaki dhaifu daima. Nguo hukopeshwa maji, kisha huyarudisha. Ufundi wa dobi uko kwenye muda wa mkopo huo: usiwe mfupi hata nyuzi zisilegee, wala mrefu hata nguo irudi kambani.

Kazi hii imewahi kuwa na heshima ya hadharani. Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikua kama mji wa watu wa mishahara, na nguo iliyonyooka ilikuwa sehemu ya namna mtu alivyojitambulisha. Katika miaka ya 1940 wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani wa Dar es Salaam walikuwa na chama chao, miongoni mwa vyama vya mwanzo vya wafanyakazi Waafrika Tanganyika. Leo dobi anahesabiwa katika sekta isiyo rasmi, na watu hulipia kazi yake huku wakidhani wananunua joto.

Pasi ya mvuke imekuja kulidhihirisha hilo. Ina tangi la maji, ina kitufe, inatoa mvuke sawasawa, na kwa shati la kuvaa sasa hivi inatosha. Haina robo saa ya kapuni. Mvuke wake hugusa juu na kupita, na kola nene huonyesha tofauti hiyo saa tano asubuhi, ncha zikianza kujiinua. Ndiyo maana mwenye pasi nzuri nyumbani bado hupeleka kanzu ya Idi na suti ya harusi uchochoroni.

Basi ukipeleka nguo, ipeleke mapema, na ukiambiwa inakunywa, ondoka. Anayesimama mezani kumhimiza dobi analipa ili aharibiwe. Ukiichukua, usiivae papo hapo ingali na joto, wala usiikunje mfukoni. Itundike dakika chache hadi ipoe, kwa maana vifungo vya uzi vinamalizia kushikana wakati huo. Mzee yule hufanya hivyo kwa kila nguo bila kuombwa. Binti aliporudi na mfuko wake wa nyanya, kadeti ilikuwa kwenye msumari, mstari wake umenyooka kutoka kiunoni hadi kwenye pindo, na bado aliambiwa asubiri kidogo.